Wiki Sita za Dawa Ukweni Kalenga

Masika ile nilimzalisha ng'ombe wa kaka yangu Jilala kwa mikono mitupu. Ndama alikuwa amefia tumboni kabla ya miezi yake kutimia, na kondo la nyuma lilikataa kutoka. Nilivua shati, nikaingiza mkono hadi karibu na kwapa, nikalitoa lote. Hapa Usangu, tangu wazazi wetu walipohamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani, watu wa boma letu wanajua kwamba mambo yakiharibika zizini naitwa mimi, Maduhu. Nilijivunia sana mikono yangu. Nilinawa kwa maji ya dimbwi, nikakaa kwenye gogo, nikanywa maziwa mabichi yaliyokuwa bado na joto la chuchu.

Mke wangu Kordula hakuwahi kuyanywa hivyo. Yeye ni Mhehe wa Kalenga, kule Iringa. Alikuja Ubaruku, huku huku Usangu, kufanya biashara ya mchele, nikamwona, na ng'ombe nikatoa. Amelelewa kwa chai, na maziwa ya watoto wetu pacha, Kulwa na Doto, aliyachemsha mpaka yakapanda na kumwagika jikoni. Ndugu zangu walimtania wakisema, "Mama Kulwa anaua maziwa." Mimi nilicheka nao.

Wiki chache baada ya yule ndama, nilianza homa. Haikuwa homa ya kulala kitandani. Mchana nilichunga, jioni ikaingia mifupani, na alfajiri nikajikuta nimelowa kama mtu aliyenyeshewa. Kordula akawa anaanika shuka kila siku. Harufu ya jasho langu ilibadilika hata mimi mwenyewe nikawa siipendi. Viungo viliuma, leo goti, kesho nyonga, na kibao kifupi cha kukalia nikikamua kikawa mbali sana chini. Nilinyoosha mkono kushika nguzo ndipo nikae.

Nikanywa dawa ya malaria. Homa ikarudi. Nikaenda duka la dawa, nikasema nahisi taifodi. Mwenye duka akanifungia kapsuli kwenye bahasha ya kaki. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia kitu. "Ukipata nafuu unaacha," alisema, na ndivyo nilivyofanya. Nikapata nafuu ya siku nne.

Kaka Jilala alikuwa na ushauri wake. "Mdogo wangu, ng'ombe akiwa na homa tunamchoma sindano, kesho anakula majani. Wewe una tofauti gani naye?" Nacheka nikiandika, lakini siku ile sikucheka. Alinichoma begani dawa ya ng'ombe, kwa sindano ya ng'ombe. Bega likavimba, likawa gumu kama kiazi, na mkono haukunyanyuka kwa siku nyingi. Homa haikuguswa.

Hayo yote naweza kumsimulia yeyote. Lililofuata ndilo ambalo wanaume hawalisemi, na kwa sababu hatulisemi, wengine wanaharibika kimya kimya. Korodani yangu moja ilivimba. Iliuma kiasi kwamba nilitembea nimeachanisha miguu, nikidai nimechubuka na suruali. Wiki mbili kabla nilikuwa nimepeleka ng'ombe Chunya, kuwauzia mabucha wanaolisha wachimba dhahabu, na kila mtu anajua sifa za sehemu zenye dhahabu. Kordula aliniona nikioga. Alisubiri watoto waende shule.

"Baba Kulwa, Chunya ulilala kwa nani?"

"Nililala kwenye lori, pamoja na ng'ombe."

"Kwa hiyo ng'ombe ndio waliokupa hiyo?"

Niliapa kwa jina la baba yangu, akanitazama kama anavyomtazama mpimaji wa mchele mwenye mizani ya uongo. Siku zile alinipa chakula bila neno, akalala na watoto. Nilikuwa mgonjwa, na nilikuwa mshitakiwa ndani ya nyumba yangu. Lakini ni yeye, akiwa na hasira zote hizo, aliyefunga mfuko mdogo na kusema, "Kesho tunakwenda Mbeya. Kama umeniletea kitu nyumbani, nitakisikia kwa daktari."

Hospitali ile kubwa ya Mbeya ina mabenchi marefu, na mvua ya Mbeya haina haraka. Tulikaa kuanzia asubuhi, baridi ikipanda kutoka sakafuni. Kila benchi lina mpangilio wake: unasogea nafasi moja, unapasha moto pale alipotoka mwenzako, unasogea tena. Mama mmoja wa Kinyakyusa alinikatia nusu ya chana chake cha ndizi mbivu bila kunijua. "Kula, baba," alisema, "ukiitwa utaitwa umeshiba." Sijamsahau.

Daktari alikuwa binti mdogo, kama umri wa mpwa wangu. Niliona aibu hata kukaa. Muuguzi aliyekuwa naye, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole aitwaye Sista Tumpe, alivuta pazia na kusema, "Baba, hapa hakuna kitu ambacho hatujakwisha kukiona." Nikalegea kidogo.

Daktari hakuanza na homa. Aliuliza, "Unafanya kazi gani?"

Katika wiki zile zote hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, wala mimi sikuwahi kufikiri ni habari ya kumpa mtu wa dawa.

"Mimi mfugaji."

"Maziwa mnachemsha?"

"Ya watoto. Mimi nakunywa yalivyo."

"Umezalisha ng'ombe karibuni? Aliyetupa mimba?"

Kordula akajibu kabla yangu. "Kwa mikono mitupu. Mpaka hapa," na akagusa kwapa lake.

"Na dawa gani umeshatumia, baba?"

"Panadoli tu," nikasema.

Kordula alifungua mfuko. Akaweka mezani karatasi ya dawa ya malaria, bahasha ya kaki yenye kapsuli zilizobaki, na kichupa chenye picha ya ng'ombe. Nilitamani sakafu ifunguke. Daktari alikishika kichupa, akasoma, akakiweka chini taratibu. Hakunigombeza. "Mama, umenirahisishia kazi," alisema. Kisha akanigeukia. "Baba, nikuambie kitu. Dawa unayonificha inaweza kugombana na dawa nitakayokupa. Kuna dawa yoyote iliwahi kukudhuru? Vipele, kuvimba mdomo, kukosa pumzi? Kuna nyingine unayokunywa, hata ya miti shamba?" Safari hii nilisema yote. Lile bega nikamwonyesha.

Walitoa damu, wakapiga picha ya kifua, wakapima magonjwa yote, na yale ya aibu yakiwemo. Tulilala siku mbili kwa binamu ya Kordula pale Mbeya tukisubiri majibu, na siku mbili hizo hatukuzungumza zaidi ya "habari za asubuhi".

Majibu yalikuja. Magonjwa ya zinaa, sina. Kifua kikuu, sina. Nilikuwa na brusela, ugonjwa ule ule unaowafanya ng'ombe kutupa mimba. Unaingia kwa maziwa mabichi, unaingia kwa majimaji ya uzazi kupitia mikwaruzo ya ngozi, na kwa mwanaume unaweza kushukia pale uliponishukia mimi.

"Kwa hiyo ni ng'ombe kweli?" Kordula aliuliza.

"Ni ng'ombe, mama."

Hakusema samahani. Tulipotoka, alichukua faili langu mkononi mwangu akalibeba yeye, na njia nzima ya korido akatembea kwa mwendo wangu, ule wa miguu iliyoachana. Mimi niliihesabu hiyo kuwa samahani, tena kubwa. Yeye na watoto walipimwa baadaye, na wote walikuwa salama. Maziwa aliyoyaua ndiyo yaliyowaokoa.

Nilipewa dawa mbili za wiki sita. Nami sasa nitaeleza nilivyoziharibu, kwa sababu ukijua nilipoteleza huenda wewe usiteleze.

Nilirudi Usangu nikiwa na haraka ya kazi, na maelezo ya dirisha la dawa niliyasikiliza kwa sikio moja. Kosa la kwanza lilikuwa maziwa. Kapsuli niliiteremsha kwa maziwa, maana kwetu ukiwa na kiu unashika kibuyu, maji ni ya kunawa. Kumbe maziwa, hata yaliyochemshwa, yanaizuia ile dawa isiingie mwilini sawasawa. Kosa la pili, jioni moja niliimeza kavu nikiwa nimeshajinyoosha kitandani. Ilikwama kifuani. Nilihisi kaa la moto nyuma ya mfupa wa kidari, na kwa siku tatu kila tonge la ugali lilipita likinikwaruza. Nikaanza kuiogopa dawa yenyewe.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Wiki ya tatu homa ilikatika. Uvimbe ulirudi chini. Nikaruka ukuta wa zizi mbele ya watu, kusudi wanione. Jilala akasema, "Sasa dawa za nini? Zinachosha ini." Nikaona ana akili. Kapsuli zilizobaki nikazichomeka kwenye nyasi za paa, na kila Kordula alipouliza nikasema nimeshameza. Nilimdanganya mke wangu ambaye tayari nilikuwa nimedai aniamini kwa jambo kubwa kuliko hilo.

Mpunga ulipoanza kukatwa, mwezi wa sita, mgongo ulinidondosha. Niliinama kuchukua ndoo, sikuinuka. Maumivu yalitoka kiunoni yakashuka mguuni, na ile homa ya jioni ikarudi kama mtu anayejua njia. Wanaume wanne walinibeba kwa turubai kutoka shambani. Nyumbani, Kordula alikuwa anatafuta pa kuning'iniza chandarua karibu nami, akapandisha mkono kwenye nyasi za paa, akatoa mfuko.

Alizimwaga kapsuli juu ya blanketi, hapo kifuani pangu.

"Hizi ni nini?"

"Nilikuwa nimepona, Mama Kulwa."

"Nani alikuambia umepona?"

"Mwili wangu."

"Mwili wako!" Alikaa chini. Nilitegemea ukali, akaanza kulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi niliposema Chunya, nilikosa, na nimekuwa naumia kwa kukosa kule. Na wewe ulikuwa unanidanganya kila jioni ukiwa na kikombe mkononi." Alifuta uso kwa kanga. "Utaanza upya. Na hutaanzia hapa. Hapa kuna Jilala, kuna maziwa, kuna ng'ombe wanaokuita. Tunakwenda kwetu Kalenga."

Msukuma anayesoma hapa ameshashtuka. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Ukimwona njiani unakata kona. Mwanaume mzima, mwenye zizi, kwenda kuuguzwa ukweni ni jambo la kuimbwa vibaya ngomani. Nilikataa siku nzima. Jioni nilishindwa kufika chooni bila kushikwa, nikakubali.

Tulipita kwanza Mbeya. Daktari yule yule alinipima mgongo, akaagiza picha, akasoma, akasema mfupa haujaharibika. Nilimweleza juu ya nyasi za paa kwa mdomo wangu mwenyewe. "Tunaanza siku ya kwanza," alisema. "Zile ulizobaki nazo zipeleke dirisha la dawa wazitunze wenyewe, usichanganye. Wadudu waliobaki ndio waliokuwa wagumu kuliko wote, baba. Ukiwaacha nusu njia mara ya pili, sijui nitakupa nini."

Sista Tumpe alitukalisha kwenye kibenchi, mimi na Kordula, akaeleza kama anayemfundisha mtu kusuka mkeka. Hizi kapsuli nyekundu ni alfajiri, tumbo tupu, uji baadaye. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, na jasho, hata machozi, usiogope. Lakini macho yenyewe yakiwa ya manjano, au ukitapika mfululizo, njoo hospitali siku hiyo hiyo. Hizi nyingine mara mbili kwa siku baada ya kula, na glasi nzima ya maji, ukae wima nusu saa. Maziwa na dawa za kiungulia zikae mbali nazo. Jua kali ujifunike. Pombe usiguse. "Na mama," alimgeukia Kordula, "wewe unatumia uzazi wa mpango?" Kordula akasema ana kijiti. "Basi jua tu kwamba hizi nyekundu zingekuwa zako, zingekipunguzia nguvu kijiti chako. Ndiyo maana dawa ya mtu mmoja haigawiwi nyumbani kama njugu." Akanifanya nirudie yote kwa mdomo wangu. Nilikosea mara mbili. Akanisubiri.

Kalenga mwezi wa saba ni baridi ya kung'ata masikio. Ukungu unalala mtoni mpaka saa tatu. Mama mkwe wangu ni mjane, mwembamba, Mkatoliki wa kuamka kabla ya kengele, na anaishi peke yake katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mahindi darini. Alinipokea mlangoni. "Kamwene, mkwe," alinisalimu kwa Kihehe, nami nikaitikia nikitazama vidole vya miguu yangu.

Siku ya kwanza tu aliniwekea sheria. Kwenye kalenda ya parokia iliyokuwa ukutani alichora kwa penseli duara kwenye siku ya arobaini na mbili. Kengele ya kanisa ikilia alfajiri, ninasikia hatua zake, kisha kikombe kinawekwa nje ya mlango wangu, kisha kikohozi kidogo cha kujulisha. Hatukutazamana. Nilimeza, nikagonga kikombe mara moja kwenye sahani, naye huko jikoni akapiga mstari kwenye kalenda. Baada ya uji nilimeza zile nyingine, na jioni baada ya ugali, hivyo hivyo. Nilikaa wima kwenye kiti cha mbao nusu saa kamili, nikisikiliza taarifa ya habari kwenye redio yake. Wiki ya kwanza ikapita kwa kukohoa na kugonga.

Wiki ya pili ilikuwa ya kichefuchefu. Harufu ya mafuta ilinitoa ndani mbio. Nilikonda, suruali nikaifunga kwa kamba. Mama mkwe akagundua kwamba viazi vitamu vya kuchemsha, vimepoa, tumbo langu halivikatai, akawa ananichemshia kila siku. Siku moja alisimama nje ya dirisha na kumwambia Kordula kwa sauti ya kunisikilizisha, "Kuna mzizi babu yako alikuwa anaunywa kwa ajili ya mgongo. Lakini usimpe. Mpigie kwanza yule nesi umuulize." Sista Tumpe akasema uachwe mpaka dozi iishe. Mama mkwe akaurudisha mzizi wake kabatini bila kununa. Najua wazee wengi ambao wangenuna.

Nilikosea na jua. Baridi ya ndani ya nyumba ilinitoa nje, nikawa nakaa kibarazani asubuhi hadi mchana kama mjusi. Pua na mgongo wa mikono vikaungua, vikawasha, vikachubuka. Mimi, niliyechunga chini ya jua la Usangu miaka thelathini! Kordula alinikumbusha maneno ya Sista. Kesho yake nje ya mlango, kando ya kikombe, palikuwa na kofia pana ya marehemu baba mkwe, ile aliyoivaa kwenda misa. Nilikaa nayo mapajani kwa muda kabla ya kuivaa. Mkwe kuvikwa kofia ya mwenye nyumba si jambo dogo.

Kisha maneno yakaanza kijijini. Mtu aliona maji ya chungwa chooni, mwingine akaziona kapsuli nyekundu na kuzitambua kwamba ndizo anazokunywa mgonjwa wa kifua kikuu. Ikawa watu hawaji tena kuomba moto kwa mama mkwe. Jumapili moja baada ya misa, uani pa kanisa, mwanamke mmoja alimwuliza waziwazi kama mkwewe anawaletea kifua. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, kofia mkononi, nikatafuta pa kujificha.

Mama mkwe hakushusha sauti. "Mkwe wangu ana ugonjwa wa ng'ombe. Hauambukizi kwa kukaa naye. Amepimwa kila kitu. Na leo ni siku ya ishirini na tatu hajaruka dawa hata moja. Haya, niambieni, katika ninyi mliosimama hapa, nani amewahi kumaliza dozi tangu azaliwe?"

Mzee mmoja akacheka, na wengine wakamfuata, kila mmoja akitazama chini. Nilifika nyumbani nikitembea wima kuliko nilivyotembea tangu masika.

Sikuwa malaika. Siku ya ishirini na sita tulikwenda msibani kijiji cha pili, na dozi ya jioni nikaisahau kabisa. Asubuhi nilitaka kufidia, nikashika kapsuli mbili. Kordula akanishika mkono. "Umeambiwa?" Sikuwa nimeambiwa. Akapiga simu Mbeya, mfamasia akajibu kwamba muda umeshapita, nimeze ya asubuhi kama kawaida, nisimeze mbili kwa mpigo. Mama mkwe akaacha nafasi ile ya jioni bila mstari kwenye kalenda. Nilipoomba apige tu, alisema akiwa amenipa mgongo, "Kalenda haidanganywi, mkwe." Ile nafasi tupu ilinikera kuliko kichefuchefu.

Jilala naye akapiga simu. "Rudi. Ng'ombe wawili wametupa mimba ndani ya wiki moja, na huku hakuna mwenye mkono wako."

Kwa kweli moyo uliruka. Hakuna kitu kitamu kama kuhitajika. Nilitazama nje, ukungu unapanda, nikasema, "Siji, kaka. Mwite bwana mifugo awapime. Na usiguse kitu bila glavu."

"Umekuwa mwanamke wa Kihehe sasa."

"Wanawake wa Kihehe wanamaliza wanachoanza," nikamjibu, na jikoni nikasikia mama mkwe anacheka hadi kukohoa.

Wiki ya nne nilichota maji. Wiki ya tano nilipasua kuni, kidogo kidogo, mgongo ukiniambia pa kuishia. Siku ya arobaini na mbili niliamka kabla ya kengele. Nilisikia hatua, nikasikia kikombe. Lakini kikohozi hakikuja. Nilipofungua mlango, mama mkwe alikuwa bado amesimama pale, penseli mkononi, na kwa mara ya kwanza tulitazamana. Ana macho kama ya Kordula.

"Meza nikuone, Maduhu," alisema. Hakuwahi kunitaja kwa jina.

Nikameza mbele yake. Jioni nikameza ya mwisho. Nimeuza madume mnadani, nimejenga nyumba, nimepata pacha, lakini sijui kama nimewahi kujivunia kitu kama ile pakiti tupu. Nilikuwa nimeshinda mwili wangu uliokuwa ukinidanganya kwamba umepona.

Nilirudi Mbeya kuangaliwa, kisha tena mvua zilipoanza, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kurudi na mwenye akili anajionyesha. Mara zote mbili daktari aliridhika. Mgongo bado unanikumbusha siku za baridi. Nyumbani tunachemsha maziwa ya wote, na wakati wa kuzalisha navaa glavu ndefu za bwana mifugo. Ng'ombe waliokutwa na ugonjwa waliondolewa, na Jilala hakunisemesha mwezi mzima, maana wengi walikuwa wake.

Halafu siku ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, wafugaji wote wakiwa joshoni, niliomba nafasi nikasimama. Nilisema yote. Nilisema hata lile la uvimbe, kwa jina lake, bila kupinda. Vijana waliinamisha nyuso. Mzee mmoja akasonya. Nilimaliza nikakaa, masikio yakiwaka. Katika siku zilizofuata wanaume watatu walinifuata, kila mmoja peke yake, kila mmoja akianza na habari za malisho.

Wa tatu alikuwa Jilala. Alisimama upenuni akazungumzia nyasi, akazungumzia mvua.

"Jioni napata baridi," alisema mwishoni. "Tangu kiangazi."

"Kesho tunakwenda Mbeya," nikasema.

Tulikaa kwenye benchi tukisogea nafasi moja moja. Sista Tumpe alipita, akaniona, akasimama ghafla. "Maduhu! Imerudi?"

"Hapana, Sista. Leo nimesindikiza."

Majibu ya kaka yalikuwa kama yangu. Tulipofika dirisha la dawa, mfamasia alianza kumweleza, na Jilala, kaka yangu mkubwa aliyenichoma sindano ya ng'ombe, akamkatiza. "Nikijisikia vizuri wiki ya tatu, siwezi kuacha?"

Mfamasia alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Nadhani Sista alikuwa amemnong'oneza habari zangu. Alisukuma zile pakiti hadi upande wangu wa kaunta.

"Mweleze wewe, baba," alisema.

Nikamweleza, tangu kengele ya alfajiri mpaka nusu saa ya kukaa wima. Nilikuwa nazungumza kwa sauti ile ile niliyoitumia joshoni bila kujijua, na nilipogeuka, foleni yote nyuma yetu ilikuwa inasikiliza.